Gari Chini ya Turubai

Mke alitoa tangazo lake akiwa na pini mdomoni, ndiyo maana mumewe hakulitilia maanani. Alikuwa amekaa ukumbini, mahali ambapo cherehani yake ilibanwa kati ya kabati la vyombo na mlango wa bafu, akipinda gauni la mteja. Mume alikuwa anapita na ndoo ya maji ya sabuni kwenda kuosha gari. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili lazima gari lioshwe, hata kama halijaona vumbi tangu Jumapili iliyotangulia.

"Baba watoto, mama amepiga simu."

"Hajambo?"

"Mwili haujambo. Macho ndiyo yanamwacha. Daktari kasema yatazima yote mawili, na dawa hakuna. Anasema niende haraka, anione angali anaona."

"Masikini. Basi nenda. Kesho nitakukatia tiketi ya basi."

Mke akatema pini kiganjani, akaziweka juu ya meza ya cherehani. "Sitaki tiketi. Nataka gari."

"Gari gani?"

"Kwani tuna magari mangapi? Hilo unalokwenda kuliosha."

Mume akatua ndoo. Maji yakamrukia miguuni, wala hakuhisi.

Tusimcheke mapema, maana hata mimi ningetua ndoo. Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, siti mbili tu, limeinama chini kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Lilitengenezwa enzi ambazo nywele za mume zilikuwa nyeusi, lakini ukilitazama ungedhani limetoka kiwandani juzi. Aliyekuwa nalo kwanza hakuliendesha, na yeye aliyelinunua kwa kiinua mgongo chake hakuliendesha vilevile. Maisha yake yote alikuwa dereva, wa malori ya watu na mabosi wa watu, na siku alipopata gari lake mwenyewe akaacha kuendesha. Alilijengea chumba chenye bati zuri kuliko bati la jikoni. Katika mpango wa nyumba, chumba hicho kilikuwa cha cherehani. Kila jioni alilifunika kwa turubai kubwa la kijani, akalifunga kamba pembe zote, mpaka mtaa mzima ukamwita Bwana Turubai. Hakuudhika. Alidhani ni heshima.

"Gari langu halijatembea," alisema, kama alivyowaambia watu wote siku zote.

"Najua. Haya, litembee."

"Njia ni ndefu, mke wangu. Lazima tulale njiani."

"Siku ulipolileta ulisimama pale mlangoni ukaniambia, hili ndilo litakalokupeleka kwenu. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nililiacha sufuria linaungua jikoni nikakimbilia kulitazama."

"Nilisema, ndiyo, lakini..."

"Sijamaliza. Nimevumilia kuwa mke mwenza wa gari, na sikusema neno. Katika wake wawili wa nyumba hii ni mmoja tu anayefunikwa vizuri usiku, na si mimi. Sasa nisikilize. Ukinipeleka, tunakwenda wawili, tunarudi wawili. Nikipanda basi, napanda na cherehani yangu."

"Cherehani ya nini, na unakwenda kumwona mama?"

"Mama ana chumba kitupu," alisema mke, akarudisha pini mdomoni.

Hapo ndipo mzee alipoelewa. Mwanamke habebi cherehani safari ndefu namna ile kisha airudishe wiki inayofuata. Wameishi pamoja mpaka watoto wamekua wakaondoka, na hajawahi kumsikia akisema jambo kwa sauti ya chini vile. Aliosha gari siku hiyo bila kupiga mluzi.

*

Kulikuwa na fundi mmoja tu ambaye asingehitaji kubembelezwa, naye ndiye mtu ambaye Bwana Turubai hakuwahi kumruhusu aguse hata kioo cha gari hilo: shemeji yake, mdogo wake mke. Huyu alikuwa na gereji ya malori, na watu walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alifika na pikipiki, boksi la vifaa limefungwa nyuma, na kabla hajavua kofia ngumu alikuwa keshaanza matangazo.

"Shemeji! Leo jua limetoka upande gani? Miaka yote nakuomba niliangalie tu, kwa macho, unaniambia mikono yangu ina grisi. Leo grisi imekuwa marashi?"

"Fanya kazi, Redio."

"Nafanya, nafanya. Mdomo haushiki spana."

Ng'ambo ya barabara, jirani yao muuza mkaa alikuwa amekwisha kujipanga juu ya gunia. "Jamani, leo limevuliwa nguo!" aliita. "Njooni mwone wenyewe, msije mkasema nawadanganya!"

Redio akafungua boneti. Halafu akanyamaza. Kwa mtu mwingine kunyamaza si kitu, lakini yeye aliponyamaza dada yake alisimamisha cherehani ndani akaja kuchungulia. Fundi aliingiza mkono kwenye kasha la kichujio cha hewa, akatoa fungu la vitambaa vilivyotafunwa, vya rangi kumi na zaidi, laini kabisa.

"Dada, hiki si kipande cha lile gauni la bibi harusi ulicholalamika kuwa kimepotea?"

"Ndicho! Na hicho ni bitana ya koti la mwalimu!"

"Panya wamezalia humu. Shemeji, panya wamelitumia gari hili kuliko wewe."

Muuza mkaa aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Bwana Turubai aliangalia ukuta. Lakini hiyo ilikuwa salamu tu. Redio alimwaga petroli kutoka kwenye tenki, akainusa, akamnusisha na mwenye gari. Ilikuwa nzito na rangi ya chai. "Hii imekuwa vanishi," alisema. "Ningekuwa na meza hapa ningeipaka." Aliminya mipira ya rejeta, ikalia kama mkate mkavu. Alikunja ubavu wa tairi kwa vidole gumba, na nyufa zikafunguka toka upande mmoja hadi mwingine.

"Tairi hizo ni mpya!" Bwana Turubai alishindwa kuvumilia. "Tazama meno yake! Hazijatembea!"

"Meno mazima, ndiyo. Lakini tairi ni mpira, na mpira unazeeka umekaa. Mimi na wewe lini tumekimbia mbio? Mbona magoti yanatuuma?"

"Kila Jumapili naliwasha. Sijakosa hata moja. Nilipokuwa na homa niliamka nikaliwasha."

"Linaunguruma kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Nisilichoshe."

Redio alichuchumaa, akagonga ekzosi kwa spana, taratibu. Ubamba wa kutu ukaanguka kwenye saruji. Safari hii hakufanya mzaha. Alimtazama shemeji yake kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko cha muuza mkaa.

"Shemeji, ukiliwasha ukalizima kabla halijapata moto, linatengeneza maji humu ndani na hayatoki. Ungeliacha bila kuliwasha kabisa, lingekuwa na nafuu. Jumapili zako ndizo zilizolila."

Ni uchungu kuambiwa kuwa matunzo yako ndiyo yaliyoua kitu unachokipenda. Bwana Turubai aliinama, akaokota ule ubamba wa kutu, akautia mfukoni. Mkewe alimwona. Alitaka kumwambia neno, akaona afadhali aende akachemshe chai.

"Linapona?" mzee aliuliza mwishowe.

"Linapona vizuri sana," alisema Redio, na redio ikawaka upya. "Injini yenyewe ni bikira. Tutabadilisha kila kilicho mpira, kila kilicho maji, na betri, na ekzosi tutaiunga. Halafu unafanya kile ninachokwambia mimi, siyo kile unachojisikia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hawakuelewana, kama tutakavyoona.

*

Zilikuwa siku za kelele na heri katika nyumba ile. Tairi mpya zilinunuliwa kwa fedha za magauni, na muuza tairi alizipindua zile kuukuu akauliza kama mzee amezitoa makumbusho. Mzee alimeza mate. Aliyelipa alikuwa mkewe, tena mbele ya watu, na alilipa bila kumtazama usoni ili asimwaibishe zaidi. Redio alikuja kila alipofunga gereji yake mapema, akafumua breki, akamwaga oili nyeusi iliyoganda, akafunga mipira mipya ya rejeta na mkanda mpya wa feni. Kila kitu kilichotolewa alikitupa kwenye ndoo iliyotoboka. Na kila alipoondoka, Bwana Turubai aliiendea ile ndoo, akavitoa vitu kimoja kimoja, akavifuta, akavipanga chini ya kitanda. Mpira wa juu wa rejeta alioupenda zaidi ulikuwa bado una mhuri wa kiwanda, unang'aa, huwezi kuamini kuwa una kasoro.

"Unafuga nini chini ya kitanda?" mkewe alimuuliza.

"Vipuri."

"Vipuri au kumbukumbu?"

Akavuta shuka ikafunika vitu vyake.

Redio alikuwa na utaratibu wake, na hakukubali uvunjwe. Kwanza gari lizunguke mtaani, lirudi. Kisha liende mpaka sokoni, lirudi. Kisha lipande mlima wa tangi la maji, na hapo ndipo litasema kama safari ipo au haipo. Kila likirudi, linatandikiwa kadibodi chini ya injini, linaachwa lipoe, na asubuhi kadibodi inavutwa nje na kusomwa. Doa jeusi ni oili. Doa la kijani ni maji ya rejeta. Doa la manjano linaloteleza ni breki, na hilo mtu hafanyi nalo masihara. Mke ndiye aliyeipenda kazi hiyo. Alikuwa akiivuta kadibodi kabla hata hajanawa uso, anaipeleka kwenye mwanga, anaikagua kama anavyokagua mshono.

"Leo limekojoa kidogo kuliko jana," alitangaza.

"Mke wangu, maneno gani hayo, na jirani anasikia?"

"Nasikia!" aliitikia muuza mkaa. "Hongereni!"

Asubuhi moja kadibodi ilitoka safi, kavu, haina hata tone. Mke aliishika kifuani akacheka peke yake. Halafu akachukua futi yake ya kushonea, akafungua buti ya gari, akapima upana, akapima kina, akapima ile sehemu inayobinuka juu ya gurudumu. Buti ilikuwa ndogo, sanduku lolote la dukani lisingeingia. Mume alimwona akipima, akajifanya hakuona. Usiku wa kuamkia mlima hakupata usingizi. Kulipopambazuka alitoka taratibu na bisibisi mkononi, na alichokifanya kule kwenye chumba cha gari hakumwambia mtu.

*

Kiti cha abiria siku ya mlima kilikuwa cha mke. Alikidai. Alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, la kutokea, akajifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo, akaingia garini kwa shida, kwa kuwa gari lile linakalisha mtu chini kama mkekani. Redio alifuata nyuma na pikipiki. Muuza mkaa aliacha gunia lake likilindwa na Mungu, akasimama katikati ya barabara kuwapungia mkono.

Na gari lilikwenda! Lilinguruma kwa sauti nzito ambayo mtaa haukuwahi kuisikia, maana kuunguruma likiwa limesimama ni kitu kimoja na kuunguruma likienda ni kingine. Bwana Turubai alibadilisha gia, na mkono wake ukakumbuka kila kitu. Mke alimwangalia kwa pembeni. Alikuwa hajamwona na uso ule tangu alipokuwa kijana anayepita na lori mbele ya nyumba ya wazazi wa mke, akipiga honi bila sababu.

"Unaendesha vizuri," alimwambia.

"Niliendesha vizuri siku zote. Ila magari hayakuwa yangu."

Walipita sokoni, watu wakageuka. Walianza kupanda. Katikati ya mlima, pale ambapo wauza matunda hukaa pande zote za barabara, kishale cha joto kilianza kuinuka. Mzee alikiona, akaacha kukitazama. Mara pakasikika mlio mfupi, na mvuke mweupe ukatoka kwenye boneti ukawafunika wote wawili pamoja na machungwa ya watu.

Jamani, watu wa sokoni! Walifika kabla mvuke haujaisha. "Bwana Turubai, limekufa!" "Lirudisheni likalale!" "Mfunikeni na yeye!" Mmoja aliyekuwa anaosha karoti akauliza kwa sauti ni fundi gani aliyelitengeneza, na mwingine akasonta kidole: si huyo Redio, hajui chochote zaidi ya kuongea, na malori yetu ndiye tunayempa. Redio alisikia. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki. Wateja wake walikuwa palepale wanamtazama. Alifungua boneti kwa kitambaa, akasubiri mvuke upungue, akainama ndani.

Alipoinuka alikuwa ameushika mpira uliopasuka. Mhuri wa kiwanda ulikuwa unaonekana.

"Huu siyo niliofunga mimi," alisema polepole.

Watu wakazidi kucheka. Kila fundi husema hivyo. Redio alimtazama shemeji yake, hakusema zaidi, na heshima ile ilimkata mzee maini. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Jina la fundi lingeoza pale mlimani, na Bwana Turubai angerudi nyumbani akiwa mtu aliyeponzwa na shemeji. Mkewe alikuwa amekaa garini, kitambaa kimelowa mvuke, anamngoja.

"Ni mimi," alisema. Hawakumsikia, akapandisha sauti. "Jamani! Ni mimi niliyeurudisha! Yeye alifunga mpya. Asubuhi nimeutoa nikaweka huu wa zamani. Fundi hana kosa. Kosa ni langu."

"Kwa nini?" aliuliza yule wa karoti, akiwa na haki ya kuuliza.

"Nilidhani ni mzuri."

Kicheko cha sasa kilikuwa cha namna nyingine, hakina meno. Mtu mzima akikiri hadharani, watu hukosa pa kumng'ata. Wanaume wanne wakaweka vikapu chini, wakaligeuza gari litazame lilikotoka, wakaanza kulisukuma kwenye mteremko. Mzee alimfungulia mkewe mlango ashuke, gari liwe jepesi.

"Sishuki," alisema mke.

"Watu wanasukuma, mke wangu."

"Wasukume. Nimengoja mno kukaa humu. Sishuki ng'o."

Basi waliingia mtaani hivyo, mzee ameshika usukani, mke amekaa wima na gauni lake la kutokea, wanaume wanahema nyuma, na Redio anawatangulia na pikipiki akipiga honi kama msafara wa harusi. Muuza mkaa alipiga vigelegele. Hakuuliza kimetokea nini. Aliona tu jirani yake amekwenda matembezi na amerudi.

*

Wanaume walipokwisha kunywa maji na kuondoka, mke alimkuta mumewe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye chumba cha gari.

"Ulitaka liharibike?" alimuuliza.

"Hapana." Akafikiri. "Sijui. Labda nilitaka, kama lilikuwa la kuharibika, liharibikie hapa."

"Badala ya wapi?"

"Badala ya kwa mama yako." Ikatoka yote kwa pamoja. "Siku nilipokwenda kukuposa nilikwenda na lori. Nililisafisha mpaka tairi. Mama yako alitoka nje, akalitazama, akaniuliza, gari la nani hilo? Nikamwambia, la bosi. Akasema, aa. Basi. Hakusema kingine, akaniletea kiti. Hiyo 'aa' sijaisahau. Nikasema siku moja nitakuja na langu. Sasa nimelipata, na kila nikifikiria kuondoka najiona limenizimikia njiani, nafika kwake navutwa kwa kamba na gari la mtu. Afadhali likae. Likikaa haliniaibishi."

Mke aliegemea mlango. Alikuwa na hasira tayari mdomoni, ameiandaa tangu mlimani, lakini sasa alikuwa anahangaika kuzuia kicheko, na machozi pia yalikuwepo.

"Kwa hiyo miaka yote hii, turubai, Jumapili, mimi kushona mlangoni mwa bafu, ni kwa sababu unamwogopa mama yangu?"

"Ukilisema hivyo, linasikika vibaya."

"Baba watoto, leo umesukumwa sokoni kote. Umechek­wa na wauza karoti. Umekufa?"

"Sijakufa."

"Una njaa?"

"Nina njaa sana."

"Basi aibu ndiyo hiyo, imekwisha. Njoo ule."

Alikula. Baadaye, jua likiwa linaelekea kushuka, alitoka kama kawaida yake ili alifunike gari, maana mazoea yana nguvu. Kamba zilikuwepo. Turubai halikuwepo. Alitafuta nyuma ya nyumba, akatafuta kwenye kamba ya nguo. Ndipo aliposikia cherehani inanguruma ukumbini, nzito, siyo sauti ya kushona kitambaa cha gauni.

Turubai lilikuwa mapajani mwa mkewe, limekatwa vipande vipande. Alikuwa ametia sindano nene kuliko zote. Sakafuni palikuwa na begi moja lililokamilika, la umbo la ajabu, pana huku na limebinuka kule, na la pili lilikuwa linaumbika.

"Turubai langu!" alisema mzee.

"Liko kazini," alisema mke. "Buti ile haikubali sanduku. Nimepima. Hili litaingia kama limemiminwa. Nishikie hapa, uzi unateleza."

Mzee alilitazama lile begi. Angeweza kufoka, na majirani wangekuja, na mke angepanda basi na cherehani yake. Alilijua hilo lote kwa mara moja. Akachuchumaa, akashika ncha ya turubai, akaivuta ikakaza, na sindano ikapita.

"Redio atakuja lini kufunga ule mpira mpya?" mke aliuliza.

"Nimekwisha kuufunga. Na ile mipira ya chini ya kitanda nimempa muuza mkaa awashie moto."

"Inanuka ikiungua."

"Ndivyo anavyolalamika."

*

Kadibodi ya mwisho ilitoka kavu. Walipanda mlima wa tangi la maji wakaushuka, mara ya kwanza na mara ya pili, na wale wa machungwa wakawapigia makofi. Redio akawapa mkanda wa feni wa akiba, dumu la maji na maagizo yaliyochukua asubuhi nzima, kisha akamkumbatia dada yake dirishani. "Mwambie mama nimelitengeneza mimi," alisema. "Na wewe shemeji, usiguse kitu!"

Safari ndefu ilikuwa nzuri, hakuna cha kuficha. Gari lilikohoa asubuhi ya kwanza, kisha likasafisha koo, na kadiri lilivyokwenda ndivyo lilivyozidi kuwa jepesi. Walisimama kila walipotaka, mzee akafungua boneti, akatazama, akafunga bila kugusa kitu. Walilala nyumba ya wageni na gari likalala nje, wazi, umande ukaliangukia. Aliamka kulichungulia dirishani mara moja tu.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kwake, uso ameuelekeza barabarani, kama mtu anayesikiliza. Mke alijitoa garini kwa tabu, magoti yamekufa ganzi, akamwendea akipepesuka. Mama hakuinuka. Alinyoosha mikono, akaushika uso wa mwanawe, akauvuta karibu kabisa, karibu pua ziguse, akautazama kipande kwa kipande, jicho moja kisha la pili.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe mama."

"Una mikunjo hapa. Hapa pia. Lakini macho ni yaleyale." Akaendelea kutazama, hana haraka. "Basi. Nimekuona. Sasa yakitaka yazime."

Mke alilia hapo, na mama akamwacha alie, akimpapasa kitambaa cha kichwa. Bwana Turubai alisimama pembeni na mabegi ya turubai mikononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama akainua uso, akakodoa kule alikokuwa.

"Na kile chekundu pale nyuma yako ni nini?"

"Ni gari, mama. Shikamoo."

"Marahaba. La nani?"

Njia nzima alikuwa amelifanyia mazoezi neno moja, alilolitunza tangu siku ya lori. Lilikuwa limekaa tayari ulimini. Alimwangalia mkewe, gauni limekunjamana, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Letu, mama," alisema. "Langu na mwanao. Na mdogo wake ndiye aliyelifufua."

"Aa," alisema mama mkwe. Ilikuwa 'aa' ileile, na sasa aliisikia vizuri: haikuwa na lolote ndani yake, ndivyo tu alivyozoea kusema. Mama aliinuka, akamshika mkwewe mkono, wakatembea mpaka kwenye gari. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Mbona la moto hivi?"

"Limetembea, mama," alisema Bwana Turubai. "Limetembea sana."

"Basi nifungulie niingie. Nizungushe mjini nikiwa bado naona pa kwenda."

Siti ni mbili, hakuna hesabu nyingine. Mke alimkalisha mama yake kwenye kiti alichokingoja maisha yake yote, akamfunga mkanda, akarudi mlangoni na mabegi yake ya kijani. Aliwatazama wakiondoka, mama amenyoosha shingo, mume anapiga honi bila sababu. Ilikuwa Jumapili. Gari lilikuwa limejaa vumbi mpaka kwenye vioo, na hakuna aliyekuwa ameuliza ndoo iko wapi.